Maswali ya Wasomaji: Kutoka na watoto na mbwa kwa siku moja, bila kutoboa mfuko

Maswali mengi yaliyotufikia kuhusu kutoka na watoto na mbwa yanaanza na neno "wapi". Majibu yetu, mtaona, yanaanza na "saa ngapi". Yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Tuna watoto wawili, wa miaka minne na tisa, na mbwa wa kilo kama ishirini. Kila tukipanga kutoka hesabu inatushinda: nauli, kiingilio, chakula. Na mara mbili tumefika mahali tukaambiwa mbwa haingii. Twende wapi?

JIBU: Kabla ya mahali, chagueni saa. Mbwa ana tezi chache sana za jasho, nazo ziko kwenye nyayo, kwa hiyo hazimsaidii kitu cha maana. Anapoa kwa kuhema, yaani kwa kupitisha hewa haraka juu ya ulimi na koo lenye majimaji. Hewa ikiwa ya moto na nzito kwa unyevu, anahema bila kupoa. Ndiyo maana matembezi yaliyoanza saa nne asubuhi huharibika ikifika saa sita: mbwa amelala chini hataki kuinuka, watoto wanalia, na familia inaishia kulipia kivuli, vinywaji baridi na usafiri wa dharura ambao haukuwa kwenye bajeti.

Ondokeni kabla jua halijachomoza, mle kifungua kinywa huko huko, na saa nne muwe mmeshageuza. Mnabeba mlo mmoja badala ya miwili, cha mchana mnakila nyumbani. Hamkuti foleni, na mbwa wenu hakutani na mbwa wengine ishirini.

Kuhusu mahali, chukueni umbali wa saa moja kutoka nyumbani, msizidishe. Zaidi ya hapo nauli au mafuta humeza bajeti yote, na mtoto wa miaka minne anafika akiwa ameshachoka kabla hajashuka. Ndani ya saa hiyo tafuteni njia ya kando ya mto, msitu wa umma, ufukwe ulio wazi, kilima kifupi, hata uwanja mkubwa wenye miti. Angalieni kivuli kwa angalau nusu ya njia, ardhi ya udongo au majani badala ya lami, na njia inayozunguka ikawarudisha mlikoanzia. Ramani ya satelaiti kwenye simu inaonyesha miti vizuri, na kuitazama ni bure.

Kisha pigeni simu na kuuliza mambo matatu: mbwa anaruhusiwa? Kwa kamba au huru? Siku zote, au siku na miezi fulani tu? Hilo la tatu ndilo watu husahau, na ndilo linalowageuza getini. Tena "mbwa wanaruhusiwa" mara nyingine maana yake ni kwenye maegesho tu, basi ulizeni mpaka wapi.

Hifadhi za wanyamapori zifuteni kwenye orodha. Nyingi hazipokei mbwa, na walinzi hawana roho mbaya. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliohusishwa na kuusambaza.

Njia yenyewe isizidi kilomita mbili au tatu kwa mtoto wa umri huo, na mgeuze kwa kipimo cha maji, si cha kilomita. Theluthi ya kwanza ya maji ikiisha, rudini. Ya pili ni ya njia ya kurudi, ya tatu ni ya lolote litakalotokea.

Mkifika, mchezo wa bure kuliko yote: mtu mzima amshike mbwa, watoto watawanye kiganja cha chakula chake kikavu kwenye majani, kwenye eneo la hatua kumi kwa kumi, kisha wasogee pembeni na mbwa aachiwe kamba ndefu atafute kwa pua. Kunusa kunamchosha mbwa kuliko watu wanavyodhani, na kunamtuliza. Kurusha mpira kunafanya kinyume: anapandisha joto la mwili na mzuka kwa pamoja. Mpira uacheni nyumbani siku ya jua.

SWALI: Nibebe maji kiasi gani? Nikibeba mengi mgongo unaniuma, nikibeba kidogo nanunua njiani.

JIBU: Mbwa aliyepumzika hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa siku ya kutembea kwenye joto wekeni mililita 100 kwa kilo: mbwa wa kilo 10 lita moja, wa kilo 20 lita mbili. Watu wazima lita mbili kila mmoja, mtoto lita moja. Jumlisheni, mgawane mabegi. Hata mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba chupa yake.

Chupa mbili kati ya hizo zijazwe usiku uliotangulia na kugandishwa. Zijazwe robo tatu tu, maana barafu hutanuka na chupa iliyojaa hupasuka. Zinakaa katikati ya chakula, zinakipoza mpaka mle, kisha mnazinywa. Hakuna haja ya kununua boksi la barafu.

Bakuli la mbwa ni kopo lolote la plastiki lenye mfuniko unaobana. Mpeni mafunda machache kila dakika 15 au 20. Msingoje mpaka aombe, na msimwachie anywe lita nzima kwa mpigo baada ya kukimbia; atairudisha yote.

SWALI: Mbwa wetu hula tunachokula sisi. Kuna ubaya akila nasi kwenye mkeka?

JIBU: Upo, kwa sababu kwenye mkeka chakula kiko usawa wa mdomo wake na hakuna anayemtazama. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Chokoleti, vitunguu vya aina zote, karanga za makadamia, na bazoka au peremende zisizo na sukari zilizowekwa zailitoli (kitia utamu cha badala ya sukari), vyote ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Vijiti vya nyama choma humezwa pamoja na nyama, halafu vikatoboa utumbo.

Lakini kinachowapata watu wengi ni gunzi la mahindi. Halimeng'enyeki. Linapita kooni bila shida, linakaa tumboni hata siku kadhaa, kisha linaziba utumbo mwembamba. Mbwa akimeza gunzi, nendeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, mngali na nafasi ya kulitoa bila kupasua. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake, na kipande kikubwa kinaweza kukwama njiani kikirudi. Wekeni mfuko wa taka wenye kufungwa mkiwa bado mnakula, si mkimaliza.

SWALI: Anatapika kila tukipanda gari, hata safari ya dakika ishirini. Tumeshazoea kubeba matambara.

JIBU: Kama ni mdogo, chini ya mwaka mmoja, sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani bado inakua, na wengi huachana na tatizo hilo wenyewe. Kama ni mkubwa, mara nyingi ni hofu: safari zake zote za gari ziliishia kwenye sindano, basi anaanza kutokwa na ute mlango ukifunguliwa tu.

Kwa wote wawili, msimlishe kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Maji kidogo yaruhusiwe. Fungueni dirisha kidogo, aone mbele badala ya pembeni, na asimame mara moja njiani kunusa ardhi. Mbwa wa hofu anafundishwa upya: siku chache mkae naye ndani ya gari lililozimwa, apewe chakula humo. Kisha injini iwashwe bila gari kwenda. Kisha mzunguke nyumba moja na kurudi. Akianza kudondosha ute mmekwenda haraka, rudini hatua moja nyuma. Hii ni kazi ya wiki mbili au tatu. Ikishindikana, daktari wa mifugo ana dawa ya kichefuchefu ya mbwa. Msimgawie vidonge vya watu. Na kabatini mwenu kuna hatari nyingine: ibuprofeni, dawa ya maumivu, hata kiasi kidogo kwenu, huharibu tumbo na figo zake.

Afungwe ndani ya gari, kwa mkanda wa kifuani ulioshikana na mkanda wa kiti cha nyuma, au awe ndani ya kreti. Kichwa nje ya dirisha kinapendeza kwenye picha tu. Mchanga na wadudu humwingia machoni kwa mwendo wa gari.

SWALI: Hatuna gari. Kondakta atatukubalia?

JIBU: Mkiuliza siku moja kabla, na mbwa akivaa kikapu cha mdomo, uwezekano ni mkubwa kuliko mkitokea tu kituoni. Kikapu kiwe cha nyavu, chenye nafasi ya kufungua mdomo kabisa, kuhema na kunywa. Kile cha kitambaa kinachobana taya hakifai kwa safari: kinamzuia kuhema, na mmeshaona hapo juu kuhema kwake ni nini.

Kumzoesha kunachukua kama wiki mbili. Pakeni chakula laini ndani ya kikapu, aingize pua mwenyewe na kuilamba, bila kufunga mkanda. Siku zinazofuata fungeni kwa sekunde tano, kumi, dakika moja, kila mara apewe kitu akiwa bado amekivaa. Watu huvua haraka akianza kukipangusa kwa mguu, na hapo mbwa amejifunza kuwa kupangusa ndiko kunakovua.

Pandeni gari la kwanza asubuhi, kaeni nyuma kabisa, mbwa sakafuni kati ya miguu yenu juu ya kitambaa, na mtoto akae upande wa pili, si kati ya mbwa na abiria asiyemjua. Mtembezeni dakika kumi kabla ya kupanda ili ajisaidie.

SWALI: Tukisimama dukani dakika tano tu, dirisha likiwa wazi kidogo, anaweza kubaki ndani ya gari?

JIBU: Hapana. Nje kukiwa nyuzijoto 24, siku ambayo wengi wangeiita ya baridi baridi, ndani ya gari hufika karibu 34 kwa dakika kumi na 43 kwa nusu saa. Dirisha lililofunguliwa kidogo halibadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha kumwokoa. Mmoja abaki nje naye kivulini.

SWALI: Mtoto wa miaka tisa analilia kushika kamba. Mbwa ni mpole. Tumpe?

JIBU: Tazameni kwanza mkono wake anapopewa. Karibu kila mtoto huizungusha kamba kwenye kiganja mara mbili tatu ili "ishike". Mbwa akiruka ghafla, mizunguko hiyo inakaza na vidole vinabaki ndani. Mfundisheni aikunje kamba ndani ya ngumi kama riboni, mkunjo juu ya mkunjo, ili akifungua mkono yote itoke. Mpeni zoezi: mseme "achia!", naye aachie. Anayerudia mara kumi bila kukosea amefuzu.

Kisha tumieni kamba mbili. Ya mtu mzima, yenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Ya mtoto, nyepesi, ifungwe hapo hapo, iwe na ulegevu. Mtoto anaongoza, mzigo uko kwenu. Kamba ndefu ya mita tano au kumi msiifunge kwenye ukosi wa shingo hata siku moja, kwa sababu mbwa aliyekimbia mita kumi akafika mwisho wake ghafla huumia shingo. Na ikiteleza kwenye viganja vitupu inaunguza ngozi. Shikeni kwa glavu.

Upole wa mbwa una mpaka, naye huutangaza. Akigeuza uso, akilamba pua bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, au mwili ukikakamaa na weupe wa jicho ukaonekana pembeni, anasema ameshachoshwa. Watoto hawasomi hayo. Kumkumbatia shingoni kupigwe marufuku, na akila au akilala aachwe.

Mahali pamoja tu ndipo tunapowaambia muachie kamba: ng'ombe wakiwajia kwa kasi. Wanamtaka mbwa, si ninyi. Atawakimbia mwenyewe, na ninyi mtatoka salama kando.

Mbwa wa mtu mwingine akimng'ata mtoto, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko na hata kama mwenye mbwa anaapa amechanjwa. Kichaa cha mbwa dalili zake zikianza karibu hakina tiba. Chanjo inafanya kazi kabla ya hapo.

SWALI: Nitajuaje kuwa anahema kwa uchovu wa kawaida au amezidiwa na joto?

JIBU: Anayehema kawaida anafunga mdomo mkimwita au mkimpa kitu anuse, na akikaa kivulini dakika chache anapungua. Aliyezidiwa hafungi mdomo. Ulimi umetandaza ncha yake kama kijiko, umegeuka mwekundu uliokolea, ute ni mzito wa kunata, pumzi ina sauti. Hatua inayofuata ni kuyumba, kutapika, kuanguka. Mbwa wa pua fupi kama Pug, Bulldog na Pekingese hufika hapo mapema sana, na wazee na wanene huwafuata.

Joto la mbwa mzima ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2. Akifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika, kwa hiyo mpozeni hapo hapo kabla ya kumsafirisha. Mpelekeni kivulini, vueni mkanda, mmwagieni maji mwili mzima, hasa tumboni, mapajani na kifuani, huku mtu mwingine akipepea kwa kofia au sahani. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa, msipoteze muda kutafuta barafu. Kosa ambalo watu hulifanya kwa huruma ni kumfunika taulo la maji na kuliacha. Baada ya dakika mbili limepata moto na sasa linafunika joto ndani. Mwageni, pepeeni, mwageni tena. Akitaka kunywa anywe kidogo kidogo. Msimmiminie mdomoni, maji yataingia mapafuni.

Kama mna kipimajoto cha njia ya haja kubwa, acheni kumwagia akifika 39.5, vinginevyo atashuka kupita kiasi. Kisha kwa daktari, hata akiwa ameshasimama na kutikisa mkia. Madhara ya figo na ya damu kushindwa kuganda hujitokeza baada ya siku moja au mbili.

Na nyayo je? Bandikeni mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Mkishindwa kuvumilia, naye hawezi.

SWALI: Ufukweni na bwawani kuna la kuogopa zaidi ya kuzama?

JIBU: Baharini, chumvi. Mbwa anayekimbiza mawimbi hunywa bila kukusudia, akaharisha au kutapika. Mleteni anywe maji yasiyo na chumvi kila dakika 15. Msimwache achimbue kaa waliokufa wala samaki waliovimba mchangani. Mkimaliza, msuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi na kumkausha masikio, hasa yale yanayoning'inia.

Bwawani, rangi. Maji yaliyotuama yenye utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika yanaweza kuwa na vijidudu vya sumu, na mbwa akinywa au akijilamba manyoya anaweza kufa ndani ya saa chache. Msijaribu kukisia kama utando ni salama. Geuzeni, na watoto wasiguse.

SWALI: Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, aje?

JIBU: Aje akiwa amebebwa. Chanjo zake za mwanzo hukamilika akifika wiki 16 hivi, na hadi wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho asikanyage mahali mbwa wasiojulikana wanapojisaidia. Kwenye begi la kifuani ataona, atasikia na atanusa dunia vizuri tu.

SWALI: Tukirudi tunamkuta na kupe. Tumesikia kiberiti, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia. Kipi sahihi?

JIBU: Hakuna hata kimoja. Kupe aliyeunguzwa au kubanwa pumzi anaweza kutapika ndani ya jeraha, na hicho anachotapika ndicho kinachobeba ugonjwa. Tumieni kibano chenye ncha nyembamba. Tengeni manyoya, mshikeni kupe pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, si tumboni, mvute moja kwa moja juu kwa nguvu ile ile bila kushtua. Ngozi itainuka kidogo kama hema, subirini, ataachia. Kichwa kikibaki msichokonoe, kitatoka chenyewe. Pakeni dawa ya vidonda.

Mkagueni kabla hajaingia ndani, maana magonjwa mengi ya kupe huhitaji saa kadhaa za kunyonya kabla hayajahama. Pitisheni vidole, si macho peke yake: ndani ya masikio, chini ya ukosi, makwapani, kwenye kinena, chini ya mkia, na kati ya kila kidole cha mguu. Kupe mdogo huko anahisiwa kama punje ya mchele iliyobandikwa. Watoto nao wakaguliwe, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele. Mliyemtoa mtumbukizeni kwenye kichupa cha spiriti na kuandika tarehe. Mbwa akishikwa na homa au akikataa kula ndani ya wiki tatu, nendeni kwa daktari na kichupa hicho.